Mke Mwenzangu wa Ujerumani

Mke mwenzangu ana miaka sita, ana pengo mbele, na anaishi Ujerumani. Ni binti wa mwanangu Mwaringa. Kwetu sisi Wagiriama mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, kwa hiyo naye ni Nyevu kama mimi. Na akishakuwa Nyevu, basi ni mke wa mume wangu. Hilo huku kijijini kwetu Ganda halina mjadala. Babu humwita mjukuu wake mke, mjukuu humwita babu mume, na bibi huwekwa katikati akatukanwa na wote wawili. Ni utani, na una heshima yake. Mtoto asiyetaniwa na babu yake huonekana kama hana kwao. Mimi mwenyewe babu yangu alikuwa akitishia kunirudisha kwa wazazi wangu kila sima ilipoungua, na wakati huo sikuwa na kimo cha kushika mwiko.

Mume wangu ni Kiponda, fundi wa makuti. Kama umepata kulala hoteli za Watamu, ukajinyoosha kitandani ukatazama juu, ukaona makuti yamepangwa sawasawa bila tundu hata la sindano, huenda ulikuwa unatazama kazi yake. Ameezeka mpaka magoti yakagoma. Sasa hukaa barazani akashona viungo vya makuti, yale mapande ya kuezekea, na wengine ndio hupanda. Ana sauti kubwa kwa sababu maisha yake yote amezungumza na watu walio chini, yeye akiwa juu ya paa, na hajajua kwamba ameshashuka. Hugombana na mbuzi, hugombana na redio, hugombana na mimi, kisha hukaa akala kama hakuna lililotokea.

Familia yetu nusu iko hapa na nusu iko kwenye simu. Jumapili tukitoka kanisani, kitinda mimba wetu Damaris, ambaye huuza viazi karai stendi ya Gede, huja na simu yake, tukaiegemeza kwenye kopo la sukari. Jikoni kwa mwanangu nakujua vizuri: vigae vya buluu, dirisha moja, na mti wa nje ambao nusu ya mwaka hauna jani. Sijui kunanukiaje. Mwaringa hufanya kazi kwenye ghala. Mkewe Linet ni muuguzi katika nyumba ya wazee. Huwaogesha mama za watu huko, na mimi huku magoti yangu najisugua mwenyewe. Nimepata kumwambia hivyo kwa mzaha, akacheka, kisha akafuta macho, nikajuta.

Lakini Jumapili ilikuwa ya wale wawili, babu na mjukuu.

"Shikamoo mume wangu!" mtoto hupiga kelele.

"Marahaba mke wangu! Umekula?"

"Nimekula. Yule mkubwa amekupikia?"

"Amepika, lakini chumvi hamna!"

"Mfukuze!"

"Ngoja uje, tutamfukuza pamoja!"

Nami huchomoza kichwa kwenye simu. "Njoo tu, wee kitoto. Nataka kuona mikono hiyo ya kulia jibini kama itaweza kutwanga."

Basi hucheka mpaka pengo lote likaonekana. Mwaringa husema, "Baba, punguza sauti, jirani watadhani tunapigana," na Kiponda hujibu kwamba Ujerumani ni mbali.

Mwaka huu Mwaringa akatuambia kwamba Disemba watakuja wote watatu. Mtoto alikuwa hajapata kukanyaga kwetu.  Kesho yake nikamwona Kiponda anachimbia miti uani. Kwa desturi yetu kila mke ana nyumba yake, kwa hiyo mke mdogo alikuwa anajengewa. Akasimamisha nguzo, akafunga fito, akaezeka kwa makuti aliyochagua moja moja, na mlango akaupima kimo cha mtoto wa miaka sita, hata mimi nikitaka kuingia ni lazima nitambae. Ilipokwisha akamwita Damaris ampige picha, yeye kasimama mlangoni kashika kamba ya mbuzi, kisha akarekodi maneno kwa ile sauti yake: "Mke wangu, nyumba yako nimeshaiezeka. Njoo, mumeo nakungoja. Mbuzi wako wa mahari yuko hapa, ananimalizia majani. Usimwogope yule mkubwa, siku hizi hana nguvu."

Damaris akatuma. Tukacheka siku ile mpaka mbavu zikauma.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Tukaiangalia ile simu kwenye kopo la sukari mpaka chai ikapoa. Damaris akapiga, ikaita bila kupokelewa. Kiponda akasema huenda wako kazini, nami nikasema huenda wako kazini, na kila mmoja alijua mwenzake anasema tu. Mtu mwenye mtoto ng'ambo ana ugonjwa wake. Simu ikilia saa isiyo yake anaogopa, na isipolia saa yake anaogopa zaidi.

Ikalia katikati ya wiki, mchana, bila picha. Damaris aliacha karai lake kwa jirani akaja mbio.

"Mama," Mwaringa akasema, "Baba yuko karibu? Kaeni chini."

Nikadhani kuna aliyekufa. Niliwahesabu haraka haraka moyoni, nikawaweka wote hai, nikangoja aniambie yupi.

Hakuna aliyekufa. Mwalimu aliwaambia watoto wachore watakavyofanya likizo. Nyevu akamchora mzee, mbuzi na kibanda, akasimama mbele ya wenzake akaeleza. Huyu ni mume wangu. Amenijengea nyumba. Mbuzi ni wa mahari. Disemba baba na mama wananipeleka kwake. Kuna mke mwingine, lakini ni mzee.

Mwalimu akamwita Linet. Na Linet, mtoto wa watu, badala ya kueleza kwa maneno, akaona afadhali wamsikie mzee mwenyewe. Alidhani mtu yeyote akiisikia sauti ile atajua ni mapenzi ya babu. Akawafungulia ule ujumbe. Simu ya mwalimu ikautafsiri neno kwa neno.

Sasa mambo yalikuwa yamefika kwenye ofisi inayoangalia haki za watoto. Walikuja nyumbani wakaangalia kitanda cha mtoto, wakamwuliza maswali peke yake. Wazazi wakaambiwa wasisafiri naye mpaka jambo liishe.

"Na lisipoisha vizuri?" nikauliza.

Mwaringa akasema, "Huku wanaweza kumchukua mtoto, Mama. Wakiona hayuko salama, wanamchukua."

Nyuma yake nilimsikia Linet akilia, kilio kile cha mtu aliyejifunika mto mdomoni.

Kiponda hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Ni kwa mdomo wangu?" Mwaringa akasema hapana, Baba, ni kutoelewana tu. Lakini alikawia kidogo kabla ya kusema hapana, na sote tulisikia.

Tangu siku ile nyumba yangu ikawa ngeni. Mbuzi waliingia kwenye mihogo, mume wangu akawatazama tu. Redio ilisema upuuzi bila kujibiwa. Sima alikuwa akiimega, akaifinyanga, akairudisha. Nimeishi na kelele za mwanamume huyu tangu nikiwa msichana, na nimewahi kumwomba Mungu amnyamazishe hata kwa siku moja. Aliponyamaza nikaogopa. Asubuhi moja nikamkuta ameshika panga mbele ya kile kibanda, anataka kukata kamba za fito.

"Baba Mwaringa, unafanya nini?"

"Nabomoa. Picha yake ndiyo ushahidi."

Nikaenda nikakaa chini, mgongo wangu ukiwa umeziba ule mlango mdogo. Nikamwambia akitaka kubomoa aanze na mimi, si alisema sina nguvu?  Akaliweka panga chini akaenda zake.

Kilichonikosesha raha zaidi sikumwambia. Nilikuwa najiuliza kama wale watu wana makosa, na nikaona hawana. Huku kwetu tunawajua wasichana waliotolewa shule wakaozwa, na wazee waliowachukua tunawajua kwa majina, na wengine tunasalimiana nao sokoni. Yule mwalimu alisikia mtoto mdogo akisema ana mume, na mahari, na tarehe. Ningekuwa mimi ningefanyaje? Kama wangekuwa wapumbavu ningewatukana nikapumua. Kwa vile walikuwa na haki ya kuuliza, sikuwa na wa kumtukana.

Ofisi ile ikataka kuzungumza na mzee kwa video, na mkalimani awepo. Kiponda akaenda kutaka shauri kwa Hesbon, mwalimu mstaafu jirani yetu, mtu mwema lakini mwoga wa serikali yoyote, hata isiyo yake.

"Hao hawajui utani," Hesbon akamwambia. "Ukianza kueleza utazama zaidi. Kana. Sema hukumwita hivyo kamwe. Neno moja tu, hapana, halafu nyamaza."

"Lakini sauti yangu wanayo."

"Sema ilikuwa ya mtu mwingine. Sauti zote kwenye simu zinafanana."

Nilimwambia mume wangu asifuate shauri hilo. Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinitisha: "Mama Mwaringa, maneno yangu mimi ndiyo yametufikisha hapa. Wacha nitumie ya mtu aliyesoma."

Siku hiyo ilipofika akavaa shati lake la harusi za watu, lililofungwa mpaka kifungo cha shingo. Damaris akatuketisha ukutani, upande ambao kibanda hakionekani. Kopo la sukari likaletwa. Simu ikafunguka, na ndani mlikuwa na mama mmoja mwenye miwani na nywele fupi, na kando yake kijana wa Kiafrika, ndiye mkalimani. Mwaringa na Linet walikaa nyuma yao, kwenye jiko lile la vigae vya buluu, wameshikana mikono. Mtoto hakuwepo. Walisema yuko chumbani anachora. Nilitaka kumchukia yule mama nikashindwa. Alitusalimu kwanza, akauliza hali ya magoti ya mzee, maana alikuwa ameambiwa.

Kisha akauliza, na kijana akatafsiri: "Mzee, ni kweli kwamba humwita mtoto huyu mke wako?"

 Kiponda akakishika kile kifungo cha shingo.

"Hapana," akasema.

"Hujawahi?"

"Sijawahi. Mimi sina mke ila huyu."

Yule mama hakubishana. Aliinama, akabonyeza simu yake, na sauti ya mume wangu ikajaa jikoni kwa watu wote: Mke wangu, nyumba yako nimeshaiezeka. Njoo, mumeo nakungoja.

Kiponda akatazama mikono yake. Hata uongo wa Hesbon kuhusu sauti ya mtu mwingine hakuukumbuka. Mwaringa alifumba macho. Na papo hapo, pembeni mwa picha, pakaonekana kichwa kidogo chenye vishungi viwili. Alikuwa ameisikia ile sauti kubwa akadhani ameitwa.

"Tsawe?" akasema, maana ndivyo tunavyomwita babu. "Kwa nini unasema mimi si mke wako?"

 Linet aliinuka kumkamata, mtoto akamponyoka akaja mbele ya simu, machozi yanamtoka. Nikawaona wote wamekwama: mume wangu na uongo wake, mwanangu na hofu yake, yule mama na kalamu yake. Nikaona mtoto anakwenda, anachukuliwa hivi hivi. Nikaivuta simu kwangu.

"Wee Nyevu!" nikafoka. "Mwizi wa mume wee! Nani kakuambia uingie watu wakubwa wakizungumza? Hujui kupika, hujui kutwanga, hata meno ya kutafuna huna, na bado unataka nyumba ya makuti? Nyumba ile nitawapa kuku!"

Linet akashika kichwa. Lakini mtoto, machozi bado yako shavuni, alivimba mashavu akanirudishia kama afanyavyo kila Jumapili: "Wewe ndiye huna meno! Wewe ni mzee! Kuku watakula na wewe!"

"Na ukija nitakulaza na mbuzi!"

"Na mimi nitalala na mbuzi, na wewe utalala nje!"

Akacheka. Hakuweza kujizuia, pengo lote nje. Yule kijana mkalimani alikuwa amejifunika mdomo kwa karatasi, mabega yanamruka. Yule mama akamgusa atafsiri, naye akashindwa kwa muda. Alipoweza alizungumza kirefu, zaidi ya tulichosema, na baadaye Mwaringa alitueleza alichosema: kwamba bibi yake yeye, huko Tanga, alikuwa akimwita yeye "mume wangu" mpaka siku ya kufa kwake, na yeye ndiye aliyebeba upande wa kichwani wa jeneza lake. Yule mama akatusikiliza sote. Akaniuliza mimi maswali, nami nikamjibu yote, na la wasichana wanaoozwa huku nikamwambia kweli lipo, na kwamba akiuliza kwa ajili yao hakosei. Akaandika. Mwisho akamwuliza Kiponda kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo.

Kiponda akakifungua kile kifungo cha shingo.

Majibu yalikawia. Siku zile zote tulikula kwa sababu chakula kilikuwepo. Kisha Mwaringa akapiga simu kwa picha: wameruhusiwa kusafiri, jambo limefungwa. Wameshauriwa tu wamfundishe mtoto majina ya jamaa yanayoeleweka kule anakoishi. "Kwa hiyo, Baba," akasema, "kwa sasa, tafadhali, lile neno tuliache." Kiponda akasema sawa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na hofu haikunitoka.

Wakaja Disemba. Gari liliposimama mtoto alikuwa wa kwanza kuruka. Kiponda alikuwa amevaa lile shati la siku ya simu, amesimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mtoto akasimama mbele yake akangoja.

"Karibu, mjukuu," Kiponda akasema.

Mtoto akamtazama juu mpaka chini. Akampa mkono kama anaopewa daktari, kisha akanijia mimi, akanikumbatia miguu. "Mke mwenzangu," akasema, "mimi nitalala kwako."

Na kweli, kibanda alikataa. Alikula kwangu, alilala kwangu, akawapa majina mbuzi wote, na alipopita mbele ya mume wangu aligeuza uso upande wa pili. Mke aliyenuna namjua, nimewahi kuwa yeye. Kiponda alikaa mlangoni mwa kile kibanda akirekebisha makuti yasiyo na kasoro. Mwaringa na Linet walifurahi kwamba neno lile halisikiki. Mimi nilikuwa naona mzee anakonda.

Mwisho nikamwendea. "Mimi niliponuna nikarudi kwetu kwa ajili ya mdomo wako, ulifanyaje? Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuja na kadzama, mtungi wa pombe ya mnazi anaopeleka mume akienda kuomba radhi ukweni, akakaa nje ya nyumba ya baba yangu juani mpaka alipokubaliwa kuingia. Akanitazama, akainuka, akaenda dukani. Alirudi na chupa ya soda, ameifunga kwa leso mpya. Hakuenda kwa mtoto. Alikwenda barazani walikokaa Mwaringa na Linet, akapiga magoti, yale magoti yake, mbele ya mtoto wake mwenyewe.

"Baba mkwe," akamwambia Mwaringa, "nimekuja na kadzama yangu. Nimemkosea mke wangu."

Linet akageuka kutazama barabarani, kana kwamba kuna mtu anayekuja. Hakukuwa na mtu. Mwaringa aliichukua simu yake mezani akailaza kifudifudi. Alikuwa amebanwa, maana desturi anaijua, na mzee akipiga magoti hivyo ni lazima ajibiwe.

"Ulimkosea nini?" akauliza.

"Nilimkana mbele za watu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa watamchukua nisimwone. Ningesema lolote."

Mtoto alikuwa nyuma ya sketi yangu. Nilimsikia anavuta pumzi. Akatoka polepole, akamzunguka babu yake, akaifungua leso akaona soda. Akamwekea mkono begani, na Kiponda akauinamishia uso pale alipopiga magoti. Linet alikuwa analia waziwazi. Nikadhani imekwisha.

"Tsawe," mtoto akasema, "nikirudi shuleni, mwalimu akiniuliza wewe ni nani, niseme nini?"

 Kiponda akamtazama Mwaringa, Mwaringa akatazama chini.

"Sema mimi ni babu yako," Kiponda akasema.

"Niseme sina mume?"

"Sema huna."

Mtoto akafikiri. "Kama ulivyosema wewe?"

Kiponda akakiweka kifuniko cha soda kwenye jino lake la pembeni, akakifungua, akampa chupa.

"Eeh, mke wangu," akasema. "Kama nilivyosema mimi."

Alisema kwa sauti ndogo mno, na safari hii hakuna aliyemwambia apunguze.